Maji Aliyowekewa Molly

Mvua ilipoanza kugonga mabati Jumapili hiyo, Kipkurui alikuwa peke yake nyumbani pale Chebunyo. Mkewe, Cheptoo, alikuwa kanisani. Kiangazi chote Cheptoo alikuwa amelinda nusu tangi ya maji ya mvua. Ng'ombe walinyweshwa mtoni, nguo zikafuliwa huko huko, na Kipkurui mwenyewe akawa wa kuoga kwa kikombe. Maji yale yalikuwa ya binti yao Molly, aliyejifungua hospitalini Kapkatet na aliyekuwa anakuja kwao kupumzika na mtoto.

"Mvua ya kwanza iache ioshe paa," Cheptoo alikuwa amemwambia, akichomoa paipu ya tangi kutoka kwenye gata, mfereji wa maji ukingoni mwa paa. "Usiguse hii paipu, umesikia?"

Alisikia. Lakini Kipkurui alikua akichimba mchanga wa mto uliokauka ili ndama wanywe. Alisimama mlangoni akaona maji yakimwagika uani, yakienda zake barabarani, roho ikamuuma. Mungu anatupa, sisi tunamwaga! Akajifunika gunia kichwani, akatoka, akachomeka paipu. Tangi likaanza kunguruma. Akabaki pale akilowa, akicheka peke yake.

Cheptoo aliporudi alikinga maji ya tangi kwa sufuria. Yalitoka ya kahawia, yana manyoya, yananuka mavi ya popo.

"Baba Molly, umefanya nini?"

"Si yatatulia? Tutachemsha."

"Uchemshe mavi ya popo umpe mzazi? Haya, anza wewe." Akamsogezea sufuria.

Kipkurui aliitazama. Hakunywa.

Wakamwaga maji yote, ya zamani na mapya. Kipkurui akaingia ndani ya tangi, akasugua kwa brashi mpaka magoti yakawaka moto, kisha akangoja mvua nyingine. Haikuja. Mawingu yalipita juu yao, yakaenda kunyesha kule kwenye mashamba ya majani chai.

Molly akapiga simu. "Baba, wameniruhusu. Nakuja kesho."

"Usije. Enda Ndanai kwa mama mkwe wako. Huku hakuna maji safi."

"Lakini Mama alisema ameniwekea!"

"Aliweka. Niliharibu mimi."

"Si ungemsikiliza tu, Baba."

"Ndiyo."

"Basi msikie mjukuu wako, kwa vile hutamwona."

Kipkurui akabana simu sikioni. Mtoto alilia, akapumua, akalia tena. Babu yake akasikiliza mpaka simu ikakatika.