Ngata ya Mzee Asajile

Lori la Mzee Asajile lilikuwa limeunganishwa kwa vitu viwili visivyojuana. Bodi na kibanda vilikuwa mali ya jeshi, alivinunua mnadani baada ya vita ya Hitla, wakati Waingereza walipokuwa wakijiondolea makorokoro yao kwa bei ya huruma. Injini yake ya petroli ilikata roho mara tu ilipolionja tope la Kyela. Iliyowekwa badala yake ilikuwa ya dizeli, nayo ilitoka kwenye boti la mzee mwenyewe lililopasuka kwenye miamba ya ziwa karibu na Ikombe. Basi gari lililoundwa kwenda vitani likawa linasukumwa na injini iliyozoea kubeba usipa, vidagaa vya ziwani. Watu wa kijijini kwake, Mbugani, walisema lori lile likivuka mto hutaka kubaki humo humo, ila walilisema hilo mzee akiwa hayupo.

Juu ya kioo cha mbele, kwa rangi nyekundu, paliandikwa ASAJILE NA WANAWE. Maandishi hayo yalimpendeza mzee kupita kiasi, na yaliwatesa wake za wanawe. Maana kwa Wanyakyusa mkamwana hakutani na baba mkwe wake. Akimwona njiani huchepuka, jina lake halitamki, na hata sauti yake huichunga isimfikie. Sasa jina lenyewe limepakwa rangi na linatembea barabarani! Wanawake wale wakabaki kusema "lile la magurudumu" kila walipotaka kutuma mzigo.

Mzee, kwa wema wake, aliwatafutia dawa. Aliamuru kwamba akiwemo garini, honi ipigwe mara mbili kwa kirefu, ili wakamwana wapate nafasi ya kuingia migombani. Na kwa kuwa wana wa ndugu zake nao ni wanawe, nusu ya wanawake wa bonde lile walikuwa wakamwana zake. Honi ikilia, barabara husafishika. Mzee aliuona utupu ule akaamini kuwa hiyo ndiyo heshima.

Adui wa heshima hiyo alikuwa mlima wa kwenda Tukuyu. Huku chini kwenye mashamba ya mpunga lori lilikwenda vizuri tu. Likianza kupanda, linakohoa, linatetemeka, linazimika. Sababu haikuwa siri. Kwenye boti, tangi la mafuta lilikaa juu ya injini, dizeli ikateremka yenyewe. Kwenye lori tangi lilikuwa chini, nyuma ya kibanda, na kipampu kidogo kilitakiwa kuyavuta mafuta na kuyapandisha. Mlimani kilishindwa. Na lori likizimika mlimani baada ya honi kulia, wakamwana hukaa migombani wakiliwa na siafu mpaka liwake tena, kwa sababu mzee yumo ndani na hawawezi kutoka.

Dereva wake, Ambokile, aliwahi kuendesha magari ya jeshi huko Burma na hakuruhusu siku ipite bila mtu kukumbushwa. Huyu alishauri debe la mafuta lifungwe juu ya paa, mpira uteremke mpaka kwenye injini, mambo yaishe. Mzee Asajile alimtazama kana kwamba amemtukania mama.

"Lori langu si mwanamke wa kuteka maji," alisema.

Akapanda Tukuyu kwa miguu, maana lori halikufika, akarudi na pampu mpya. Lo, pampu! Ilikuwa ya shaba, kubwa kama kichwa cha mbuzi, na mfanyabiashara aliyemuuzia aliapa kuwa Ulaya yote imehamia kwenye pampu za namna ile. Iliundwa kwa gari gani, na kwa mafuta gani, hakuulizwa na hakusema. Mzee alinunua pia tangi kubwa zaidi, bomba pana zaidi, na chujio lenye kikombe cha kioo ili mafuta yaonekane yakipita. Ambokile, aliyekuwa ametetea debe kwa moyo wote, aligeuka mara moja. Dereva wa lori lenye pampu ya shaba ni mtu mkubwa kuliko dereva wa lori lenye debe, na hilo halihitaji kwenda Burma kulifahamu. Akafunga kila kitu, akaziba maungio kwa uzi na sabuni ya kufulia. Kifuniko cha ubavuni mwa injini kikavuliwa kabisa, kwa amri ya mzee, ili watu waione pampu. Wakaiona. Vumbi nalo likaiona.

Bwana DC aliposhuka kukagua mashamba, mzee alivua kofia, akamwonyesha. Bwana DC alisema ni maendeleo makubwa sana. Alikuwa amesema hivyo pia kuhusu choo cha soko na kuhusu jogoo mmoja wa Njisi, lakini mzee aliliweka neno lile moyoni. Lori lilipelekwa huku na huko kwenye tambarare kwa muda mrefu, likanguruma vizuri, na hakuna aliyekuwa na haraka ya kulipeleka mlimani.

Tatizo ni kwamba mzee alikuwa ameshatoa ahadi juu ya lori lile. Mwanawe Ezekia, alipoondoka kwenda migodi ya shaba ya Rhodesia, alimwacha mkewe Rut na mimba changa. Aliagana na baba yake kwa kusema, "Tata, ninamwacha mikononi mwako." Na mzee, badala ya kumbariki kama baba wengine, alijibu, "Usiwe na hofu. Mimi nina lori."

Rut alikuwa binti wa Ikombe, mfinyanzi kama mama yake. Mzee hakuwahi kumwona uso vizuri wala kumsikia akisema neno. Alimjua kwa vyungu vyake. Mtungi wa maji uliokaa chumbani kwake ulitoka mikononi mwa Rut, na maji yake yalikuwa baridi kuliko ya mtungi wowote aliopata kuwa nao. Kila alipokunywa alimsifu, lakini sifa zenyewe alimwambia Marta, mkewe, kwa kuwa hiyo ndiyo njia pekee ya sifa kufika.

Siku ya uchungu ilipofika, mambo hayakwenda. Mkunga alijaribu alichokijua, kisha akatoka na kumwambia Marta kwamba mtoto amekingama tumboni, naye hawezi tena. Apelekwe hospitali ya misheni. Hospitali ilikuwa juu, ng'ambo ya mlima.

Wakatandika majani makavu ya mpunga kwenye bodi la lori, wakafunga turubai juu yake pande zote, na Rut akalazwa humo na Marta na mkunga. Mzee akapanda mbele pembeni mwa Ambokile, uso ameuelekeza barabarani kama anayepigwa picha. Honi mbili ndefu. Barabara ikasafishika. Lori likakimbia tambarare yote kwa sauti nzuri, na mzee alianza kutunga moyoni maneno atakayomwambia Ezekia.

Mlima ulipoanza, pampu ya shaba ilivuta vizuri kona ya kwanza. Kona ya pili ikavuta upepo. Ya tatu ikatoa sauti ya mtu anayenyonya mfupa usio na kitu, na lori likazimika.

Ambokile alishuka na spana. Alipoifungua, mpira wa ndani wa pampu, ule unaofanya kazi yote, ulikuwa umevimba kwa dizeli usiyoizoea na kuchanika vipande viwili. Akaunyanyua mzee auone. Kipampu cha zamani je? Mzee alikuwa amempa mhunzi ayeyushe. Watu wa kusukuma? Wanaume walikuwa mashambani huko chini, na wanawake waliokuwa njiani walikuwa wameshajificha kwa amri ya honi. Maendeleo yote yalikuwa yamesimama kwenye kona moja, na shaba inang'aa.

Hapo ndipo mzee alipoisikia sauti. Ilitoka chini ya turubai. Haikuwa kelele. Ilikuwa ni mtu anayejizuia, anayeuma nguo ili baba mkwe asimsikie, na bado inamshinda. Katika miaka yote ile hiyo ndiyo mara ya kwanza Mzee Asajile kusikia sauti ya Rut, na hata katika hali ile binti wa watu alikuwa anamheshimu. Mzee aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Tena aliogopa, hofu ya kweli, ambayo hakuipata hata siku boti lilipopasuka.

"Lile debe la akiba liko wapi?" aliuliza.

Ambokile akalitoa nyuma ya kiti, limejaa dizeli. Hakusema chochote kuhusu ushauri wake wa zamani, na hiyo, kwa Ambokile, ilikuwa sadaka kubwa. Alikata mpira mrefu wa kunyonyea mafuta aliokuwa nao garini, akauchomeka kwenye injini pale bomba lilipokuwa, kisha akatazama juu.

"Paani hakuna pa kulifunga, mzee. Kamba zote ziko kwenye turubai. Lazima mtu alishike."

Waliobaki kuhesabika kama mtu walikuwa wawili, na mmoja wao ndiye dereva.

Mzee Asajile akapanda juu ya paa, koti lake la kanisani likachanika kwenye bawaba. Akaketi, debe mapajani, mpira umetumbukizwa ndani. Ambokile alinyonya mafuta yashuke, akatema, akalegeza nati upepo utoke mpaka mapovu yakaisha, kisha akawasha. Injini ikashika. Lakini lori lilipojongea tu kwenye mashimo, debe likayumba, dizeli ikamwagikia mapajani mwa mzee, mpira ukachomoka, injini ikazimika. Wakaanza upya. Ikamwagika upya.

Turubai likafunuliwa kidogo, ikatoka sauti ya Marta.

"Baba Ezekia, mimi nimeteka maji tangu nikiwa mtoto, sijawahi kumwaga. Liweke kichwani."

Mkono wa Marta ukatokea pembeni mwa turubai ukiwa na kanga yake, ameshaizungusha ikawa ngata nzuri, duara, ya kukaa kichwani. Akamrushia. Mzee aliitazama ngata ile mapajani pake. Chini ya turubai Rut aliuma nguo tena. Mzee alivua kofia yake, akaitupa, akaweka ngata, na Ambokile akamtwika debe.

Ajabu ni kwamba ilifaa. Lori liliyumba, shingo ya mzee ikayumba kwa namna yake, na debe likatulia. Kwa wanawake hilo si ajabu, lakini hakuna aliyewahi kuwauliza. Dizeli ikateremka yenyewe kama enzi za boti, injini ikanguruma, na mlima ukaanza kurudi nyuma.

Ambokile, mtu wa kutii amri, akapiga honi mbili ndefu kila kona kama alivyoagizwa. Kila aliyesikia alijua Mzee Asajile anapita. Wakamwana waliingia migombani, wakachungulia kwenye kiti cha mbele wasimwone, wakainua macho. Heshima iliwakataza kutazama. Safari hii heshima ilichelewa kidogo. Baba mkwe wao alikuwa juu ya paa kwenye jua, ngata kichwani, debe juu ya ngata, mikono yote miwili imelishika, michirizi ya dizeli ikishuka mashavuni.

Karibu na kilele, gari la Bwana DC lilikuwa linateremka. Njia ilikuwa nyembamba. Ambokile hakupunguza mwendo, kwa kuwa akipunguza hataanza tena, na ikabidi serikali ya Mfalme irudi kinyumenyume mpaka penye nafasi. Walipopishana, Bwana DC alikodoa macho. Mzee hakuwa na kofia ya kuvua wala mkono wa kuvulia. Akapita hivyo hivyo, shingo wima, akitazama mbele. Bwana DC ndiye aliyevua yake, pengine kwa sababu ya joto.

Rut alifikishwa hospitali akiwa hai, na kabla jua halijashuka alijifungua mtoto wa kike. Marta alitoka kumpa habari mumewe, akamkuta amekaa nje kwenye jiwe, peke yake, kwa jinsi alivyonuka mafuta.

"Mkamwana wako anasema ndaga fijo," Marta alimwambia; ndiyo asante sana ya Kinyakyusa. "Ameniambia niliseme neno lenyewe kama alivyolisema yeye."

Mzee akataka kujibu, akageuka akajifanya anapenga kamasi.

Kesho yake alimwambia Ambokile afunge debe juu ya paa kwa vyuma, na chini yake aiweke ile ngata, lisigonge. Ile pampu ya shaba sasa inazuia mlango wa banda la kuku. Ambokile alieleza Mbugani nzima kwamba huko Burma hawakuwahi kutumia mtindo mwingine. Lori likapanda mlima bila kuzimika, na kabla ya msimu wa mpunga kwisha hakuna aliyesoma tena maandishi mekundu. Lori liliitwa Mama Debe, na hata wakamwana wakaweza kulitaja bila kosa. Mzee alilisikia jina hilo. Alikunja uso siku mbili tatu, akaacha.

Jioni moja walikuwa wakirudi kutoka shambani, na barabara inapita karibu kabisa na nyumba ya Rut. Ambokile akapeleka mkono kwenye honi. Kutoka uani, nyuma ya migomba, ilisikika sauti ya mwanamke anaimba taratibu, anambembeleza mtoto alale. Mzee aliifahamu sauti ile mara moja.

"Usipige," alisema.

Ambokile akashangaa. Alimkumbusha kwamba bila honi mkamwana hatajua, atawakuta ana kwa ana, na aibu itakuwa ya nani.

"Ataamka mtoto. Wewe pita polepole," Mzee Asajile alisema. "Leo nitajificha mimi."

Akajikunja chini ya kiti, magoti kifuani, kofia usoni, akakaa hivyo mpaka walipoipita nyumba. Wimbo haukukatika.