Sekunde Nane za Mzee Ensio

Raija alisimama mbele ya kabati la filamu za kamera mpaka Pentti, mwenye duka aliyemjua tangu utoto, akaanza kumchokoza.

"Dada, ukizikodolea zaidi nitakutoza kiingilio. Unampiga nani picha?"

"Baba. Makaburini, mkesha wa Krismasi. Mwanga ni mishumaa tu, flashi hataki kuisikia."

Pentti akashusha boksi mbili. "Hii ya kasi inanasa hata gizani, ila picha itajaa chenga. Hii ya taratibu picha yake ni safi kabisa, lakini lazima kamera ikae kwenye stendi, uiache wazi sekunde nane, na chochote kitakachotikisika kitatoka ukungu. Mzee atatulia?"

"Baba? Yule gogo. Mama anazikwa, yeye hata jicho hakupepesa."

Akachukua ya taratibu. Kinyongo hicho alikuwa nacho miaka kumi na mmoja. Sasa mzee Ensio alikuwa na miaka themanini na tisa, moyo umechoka, daktari haahidi Krismasi nyingine, na Raija hakuwa na hata picha moja ya baba yake kwenye kaburi la mama.

Siku ilipofika, saa kumi jioni giza la majira ya baridi lilishatanda na makaburi yote yakawaka mishumaa juu ya theluji. Ensio akawasha wa mkewe, akavua kofia, akasimama kimya. Raija alibaki nyuma yake, kama ilivyo desturi ya nyumba yao, akapiga picha sita huku macho yakiwa kwenye saa.

Filamu iliposafishwa, Pentti alimkabidhi bahasha kwa huzuni. "Pole. Bora ungechukua ile ya kasi."

Mishumaa ilitoka vizuri. Jina la mama, Kerttu, lilisomeka juu ya jiwe, hata viatu vya mzee vilionekana wazi kwenye theluji. Mabega yake tu ndiyo yalikuwa ukungu, katika picha zote sita.

Raija alikwenda moja kwa moja kwa baba yake, akaziweka mezani kando ya kahawa. Mzee akazitazama moja moja.

"Nilidhani kwa nyuma haionekani," akasema.

"Unalia kila mwaka, baba?"

"Kila mwaka."

Raija aliona aibu. Akavuta kiti, akakaa ubavuni mwake, akamshika mkono.

"Nisamehe," akasema. "Mwakani nitasimama mbele."