Jiwe la Baba na Kipande cha Sakafu

Kwa miaka kumi na mmoja mwalimu mstaafu alinyolewa na kinyozi yule yule bila hata kukunja uso. Siku hiyo alishika shavu.

"Mwanangu, leo unaninyoa au unanipara kama samaki?"

Kinyozi akaona damu chini ya sikio la mzee. Aibu ikampanda mpaka masikio yakawaka moto. Alimpaka shabu ya kukausha damu, akamwomba radhi mara tatu, akamaliza kazi kwa wembe wa dukani.

Mzee alipoondoka, kinyozi aliupeleka wembe wake wa kukunja dirishani akautazama kwa kioo cha kukuzia. Makali yalikuwa na meno kama msumeno. Na alikuwa ameunoa asubuhi ile ile, juu ya jiwe la baba.

Baba yake alikuwa kinyozi pia. Alimwachia yeye, binti yake, vinoo vitatu: cha bluu cha kuanzia, cha kijani cha kati, na kile cha rangi ya chai ya maziwa, cha kumalizia. Hicho cha mwisho ndicho kaka yake, seremala, alikuja kukiazima siku tatu nyuma. "Nusu saa tu, mdogo wangu." Alikirudisha kwenye kitambaa kile kile.

Akavipanga vyote mezani, akavimwagia maji. Jiwe la baba lilikuwa halinywi maji. Yalikaa juu yake kama yako kwenye sahani. Hili alilorudishiwa liliyafyonza yote. Akalisugua. La baba lilitoa rojo jeupe, laini. Hili likatoa tope la kijivu lenye chenga. Akaligeuza ubavuni, akaona mikwaruzo iliyonyooka ya msumeno wa mashine. Rangi ilifanana kweli, lakini alikuwa ameshika kipande cha jiwe la sakafu.

Hakufunga hata duka. Alitoka na jiwe mkono mmoja, wembe mkono mwingine, na watu wakampisha njiani mpaka karakana ya kaka yake.

"Kaka, jiwe la baba liko wapi?"

"Si nilikurudishia?"

"Ulinirudishia sakafu!"

Mafundi wawili wakaacha kupiga randa. Kaka akacheka kidogo. "Aa, mdogo wangu. Jiwe ni jiwe. Yote si yanatoka ardhini?"

"Sawa. Kama jiwe ni jiwe, kaa hapo nikunyoe."

Mbele ya wenzake angekataaje? Akakaa. Dada alimpaka sabuni, akaweka wembe shavuni, akavuta. Machozi yakamtoka kaka. Alipovuta mara ya pili, kaka akamdaka mkono.

"Basi, basi!"

"Bado sijafika kidevuni."

"Liliniponyoka!" kaka akasema kwa sauti ya chini. "Kona ikavunjika. Niliogopa kukwambia, ndiyo nikachonga jingine."

Jiwe la baba lilikuwa nyuma yake, chini ya patasi, limelowa mafuta, katikati limechimbika mfereji. Baada ya kulivunja alikuwa ameendelea kulitumia.

"Ungeniambia, ningelia siku moja yakaisha," kinyozi alisema. "Badala yake ukakaa hapa, ukapima, ukakata, ukasugua mpaka rangi ikafanana. Kazi yote hiyo ya kunidanganya! Na mimi nikamkata mzee wa watu."

Dada akachukua jiwe akaondoka, akamwacha na sabuni usoni.

Wiki nzima aliliosha na kulisawazisha kwa msasa uliotandikwa juu ya kioo. Kila alipokumbuka, alisugua kwa nguvu zaidi. Mfereji ulipoisha, unene wa jiwe ulikuwa umebaki nusu. Lakini maji yalikaa juu yake, na wembe ukakata unywele uliosimama peke yake.

Mwalimu aliporudi, kinyozi alimweleza kila kitu kabla hajakaa. Mzee akasikiliza, akakaa, akainua kidevu.

Jumamosi kaka alikuja, akasimama mlangoni akisugua viganja.

"Hujambo, dada?"

"Sijambo."

Kiti kilikuwa kitupu. Hakumkaribisha.