Mlango na Sufuria

Wivu wangu kwa Falis ulikomaa siku Bwana Luseno, msimamizi wetu, alipobandika grafu mbili ukutani.

Falis nami tulikuwa wahoji. Kila mwaka shirika letu hurudi kwenye majengo yaleyale ya Eastlands kuuliza familia zinapata pesa ngapi kwa mwezi, ili likadirie pato la katikati la kaunti. Ukizipanga kaya zote mstari mmoja, kuanzia fukara hadi aliye nacho, pato la ile iliyosimama katikati ndilo tunalolitafuta. Kisha tunalilinganisha na la miaka iliyopita. Mwaka huu mimi nilipewa Kware, Falis akapewa Mukuru kwa Reuben. Mmoja wetu angeajiriwa ofisini, apewe dawati na kufanya makadirio yenyewe.

Kazi hiyo niliitaka kuliko kitu chochote. Nina miaka arobaini na tisa. Nilirudi kidato cha kwanza nikiwa na arobaini, na sasa nasomea takwimu jioni, darasa moja na vijana wa rika la binti yangu Triza. Kila alfajiri nilipiga magoti nikamwambia Mungu: nipe dawati hilo. Falis alikuwa na miaka ishirini na sita, shahada, na baba mwenye duka la jumla. Dawati la nini kwake?

Grafu ya Reuben ilipanda taratibu miaka yote mitano. Ya Kware ilipanda minne, halafu ikaanguka.

"Mama Triza," Luseno akasema, "Kware kumetokea nini? Wote wamefutwa kazi siku moja?"

Watu wakacheka. Falis hakucheka, na hilo likanichoma zaidi.

Luseno akaamua tukaguane, kila mmoja arudie kaya kumi za mwenzake. Ndivyo tunavyofanya tarakimu zikileta shaka. Asubuhi ya ukaguzi niliomba maombi ambayo siwezi kuyatamka kanisani. Nilimwomba Bwana anionyeshe kosa la Falis.

Nyumba ya kwanza Reuben ilikuwa ya Amondi, mama anayeuza omena, dagaa wa ziwani. Fomu ya Falis ilisema kaya moja, watu saba. Mimi nikaona milango miwili ya mabati, kila mmoja na kufuli lake. Moyo ukaruka kwa furaha.

"Wa mlango wa pili ni nani?"

"Kijana wangu Okinyi. Yuko kiwanda cha sabuni."

"Basi hiyo ni kaya yake."

"Kaya gani? Analala huko, lakini tumbo lake linaishi hapa. Na pesa zake pia." Akanitazama juu mpaka chini. "Wewe nawe! Yule msichana wa buibui hata hakuuliza mambo ya milango. Alisema nimwonyeshe sahani. Akahesabu saba, tukacheka mpaka jirani akachungulia."

Tulifundishwa siku ya kwanza kwamba kaya ni watu wanaokula kutoka sufuria moja. Nami kule Kware, nikipanda hadi ghorofa ya sita magoti yakiniuma, nilikuwa nimehesabu milango. Huko wazazi hukodi chumba kimoja, na vijana wao hulala chumba kingine ng'ambo ya ngazi. Nilikuwa nimekata familia moja vipande viwili, kila kipande na pato lake dogo. Kware haikuwa imefukarika. Mimi ndiye niliyeifukarisha.

Na bado niliandika kwenye fomu ya ukaguzi: *Mhoji ameunganisha kaya mbili.* Niliandika hivyo katika nyumba tatu. Grafu zote mbili zikianguka pamoja, Luseno angeamini Eastlands imefukarika kweli, na kosa langu lingegeuka habari.

Saa tisa alasiri nilimkuta Falis akinisubiri mlangoni mwa ofisi.

"Mama Triza, nimetoka Kware. Zile kumi zako ni kaya sita." Akashusha sauti. "Bado sijampa Luseno. Twende pamoja tumwambie, turekebishe. Zile ghorofa zingenichanganya hata mimi."

Wema wake ulinikera kuliko kiburi nilichokuwa nimemtungia kichwani. Kiburi ningekichukia kwa amani.

"Na zangu?" akauliza. "Umepata nini?"

"Nimekuandikia uongo," nikasema, nikampa fomu.

Alizisoma zote tatu. "Kwa nini?"

"Nalitaka lile dawati."

"Hata mimi nalitaka," akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikawa kali. "Baba anataka nikae dukani mpaka niolewe. Ulidhani wewe tu ndiye unayeliombea?"

Tuliingia kwa Luseno, nikayasema yote mwenyewe. Ijumaa Falis alipewa dawati. Mimi nilirudishwa Kware kuhoji upya.

Wiki mbili baadaye alinipigia simu nikiwa kwenye ngazi za ghorofa ya nne.

"Mama Triza, Kware imepanda. Imekaa sawa na ile miaka mingine."

Nilifurahia tarakimu. Nilimwonea wivu kwa kuiona kabla yangu, ameketi dawatini. Nikamwomba anisomee polepole, nikaiandika kiganjani, nikamshukuru. Kisha nikakaa kwenye ngazi mpaka wivu ukapungua kiasi cha kuniwezesha kupanda.