Fomu ya Ajali

Kwanza zilisikika ta, ta, ta za kisu cha mashine ya maboksi. Kisha ikasikika moja nzito, kama muwa unaopasuliwa, na baada yake yowe.

Mfunga maboksi aligeuka, akamwona shemeji yake, mume wa dada yake, ameushika mkono wa kulia kwa wa kushoto. Vidole vitatu vilikuwa vimebaki upande wa pili wa kisu. Damu ilimchuruzika hadi viatuni.

"Usife, shemeji," alisema, akimfunga kwa kitambaa alichokivua kichwani. "Dada yangu nguo nyeusi hazimpendezi."

"Fomu," shemeji alisema, meno yakigongana. "Kimbia."

Sheria ya kiwanda ilibandikwa mlangoni mwa ofisi: ajali iandikwe kwa Kiingereza na aliyeishuhudia, igongwe muhuri kabla ya king'ora cha saa tisa alasiri. Bila hivyo umeumia kwako, na hospitali utajijua. Ilikuwa imebaki nusu saa, na yeye shule aliiacha katikati. Alimkokota shemeji hadi mlangoni hapo, akaomba fomu, akaandika.

Karani aliisoma fomu, kalamu nyekundu mkononi. "Mashine ni moja, kitenzi umekiandika cha nyingi. Rudia."

Akarudia, jasho likimtonatona.

"Hapa, mkono wa mtu. Kuna kialama kinakaa juu kuonyesha nani mwenye mkono. Hukukiweka. Rudia, na karatasi isiwe na damu."

"Mwenye mkono si yule pale anavuja? Mwangalie basi!"

"Mama, unadhani napenda? Yenye kosa ofisi kuu wanaikataa. Mwezi huu wamekataa kumi na moja."

Kumi na moja. Alimjua aliyepondwa mguu. Alimjua na yule wa jicho. Akaandika tena, akikandamiza kalamu mpaka karatasi ikakaribia kutoboka. Mlangoni, shemeji aliteleza ukutani, akakaa chini kama gunia.

Fomu ya tatu karani aliisoma polepole, mstari kwa mstari. Kosa hakuliona. Akachukua muhuri, akaupuliza. King'ora kikalia. Mkono wake ukasimama hewani.

"Basi tena," alisema. "Saa imepita."

"Muhuri si umeushika!"

"Saa imepita, mama."

Aliruka meza. Akaukamata ule mkono pamoja na muhuri wake, akaubamiza juu ya fomu, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, mpaka kitu ndani ya kifundo kikaalika. Karani akapiga ukelele.

"Umenivunja! Umenivunja mkono!"

"Iandike basi. Kwa Kiingereza kizuri."

Walinzi wawili walikuwa wanakuja mbio na virungu. Aliikunja fomu, akaisokomeza ndani ya shati la shemeji, akamwinua kwa kwapa.

"Leo utatibiwa," alimwambia kwa sauti kubwa, ili walinzi nao wasikie. "Na wakinifunga, shemeji, nikitoka nitakaa nje ya geti hili hili. Kila atakayekatwa humu, nitamwandikia mimi."