Besi Kutoka Mpeketoni

Jumapili asubuhi shingo ya gitaa la besi la Twahira ilikatika, na harusi ilikuwa Alhamisi.

Gitaa halikuanguka wala halikugongwa. Alikuwa akiukaza uzi mnene kuliko zote, akasikia mlio mkavu, kama kuni inayovunjwa kwa goti, na shingo ikalala mbele ikabaki kuning'inia kwa nyuzi zake nne. Lilikuwa gitaa la marehemu ami yake Mahdi, aliyemfundisha kulipiga tangu ana miaka kumi na minne. Sasa alikuwa na thelathini na nne. Asubuhi aliuza dawa katika duka la mjini Amu, kisiwani Lamu, na zilipokuja harusi alipiga besi katika kikundi cha taarabu cha wanawake. Miaka yote hiyo chumvi ya bahari ilikuwa ikilila gitaa lile kidogo kidogo. Nyuzi alizichemsha sufuriani kwa siki zipate kulia tena, maana nyuzi mpya zilitoka Mombasa kwa mkono wa dereva wa basi, naye dereva alikuwa msahaulifu.

Alimpelekea fundi Mselem, mchonga milango. Mselem akatia gundi, akabana kwa vibano, akasema lisiguswe mpaka kesho. Kesho yake vibano vilipofunguliwa, shingo ikaachia palepale.

"Mbao hii imechoka, Bi Twahira," alisema. "Nikilazimisha nitakudanganya."

Twahira akaenda kwa Bi Ruba, kiongozi wa kikundi. Bi Ruba hakushtuka hata kidogo. Alikuwa akikunja kanga, akaendelea kuzikunja.

"Ndia ya kupata besi nyingine ni ndefu, mwanangu, na siku ndizo hizo. Tuliza moyo. Kinanda kina besi ndani yake. Mkono moya wa Raiyan watosha."

Alikusudia kumfariji. Lakini neno lile "watosha" lilimwingia Twahira kama mwiba wa samaki kooni, halipandi wala halishuki. Ikiwa mkono mmoja wa mpiga kinanda ulitosha, yeye miaka ishirini alikuwa akifanya nini pale?

Siku ile dukani alimpa mteja dawa ya kikohozi badala ya dawa ya tumbo, akamkimbilia njiani kumbadilishia. Kila alipopata nafasi alishika simu. Duka la ala za muziki Mombasa lilikuwa na magitaa ya kawaida na vinanda vya watoto. Besi, walisema, wataagiza Nairobi, wiki mbili. Bibi mmoja wa Nairobi aitwaye Wanjira alikuwa nayo, ila hangeiweka kwenye basi bila sanduku, na sanduku hakuwa nalo. Ndipo katika kundi la simu la wanamuziki wa Pwani akaona picha: mwanamume amesimama mbele ya kioo, amekumbatia besi nyekundu. Chini yake ameandika, "Inauzwa. Kariuki, Mpeketoni."

Mpeketoni! Twahira alicheka peke yake. Makanisa yote yale, kila moja lina besi, naye alikuwa akiwapigia simu watu wa Nairobi.

Jumanne alfajiri aliomba ruhusa dukani akavuka kwa boti hadi Mokowe. Gari lilikawia kujaa. Alishuka, akapanda, akashuka tena. Kwenye kizuizi cha barabarani askari walitazama vitambulisho kimoja kimoja, na vidole vyake vikawa vinapiga wimbo mzima juu ya paja. Mama aliyekaa kando yake alimwuliza kama anaumwa.

Kariuki alimpokea mlangoni mwa kanisa, kijana mrefu mwenye duka la mbegu na mbolea, aliyepiga besi kila Jumapili na alikuwa ameshanunua nyingine mpya. Twahira akavua viatu bila kufikiri.

"Hapa hatuvui, dada," alisema Kariuki.

"Niache hivi hivi. Nimezoea."

Kariuki akachomeka waya kwenye spika, akavaa ile nyekundu, akapiga. Sauti ilitoka chini kabisa, nene na safi, ikapita sakafuni mpaka kwenye nyayo zake. Twahira alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu Jumapili. Kisha tabasamu likamtoka.

"Bwana Kariuki, wewe unatumia shoto?"

"Tangu kuzaliwa."

"Na gitaa ni la shoto?"

"Ndiyo. Si uliona picha?"

Picha ilikuwa ya kwenye kioo. Shoto imegeuka kulia. Twahira aliketi kwenye benchi, akasimama, akaketi tena. Kutwa nzima ya safari, na chombo kimepinduka.

"Pole sana," alisema Kariuki. "Siwezi kukuuzia kitu ambacho hutaweza kutumia."

"Lete nilishike."

Akalipindua likae mkononi mwake, uzi mwembamba juu na mnene chini, kila kitu kichwa chini miguu juu. Akapapasa polepole mpaka akaupata mwendo wa wimbo wa kumtoa bibi harusi. Alikosea mara mbili. Kariuki akaanza kutikisa kichwa kwa mapigo.

"Nyimbo zenu hazina haraka," alisema.

"Mwenye haraka ni mimi. Nyuzi zinageuzwa, sivyo?"

"Zinageuzwa. Tatizo ni hiki." Alimwonyesha kipande cha mfupa karibu na kichwa cha gitaa, chenye mifereji minne ya kukalia nyuzi. "Mfereji wa uzi mnene uko upande huu. Ukigeuza, uzi mnene hauingii."

Twahira alikitazama. Nyumbani alikuwa na gitaa zima lililokufa, na kipande kama hicho, cha mkono wa kulia, bado kiko shingoni mwake.

"Nalichukua," alisema.

Wakakubaliana bei, na Kariuki akamfungia katika gunia safi la mbegu.

Jumatano Mselem aling'oa kipande cha gitaa la ami Mahdi, akakisugua kwa tupa, akakijaribu, akakisugua tena. Twahira alimsimamia kichwani mpaka fundi akamwambia aende akaswali Adhuhuri na akae hukohuko. Aliporudi, nyuzi zilikuwa mahali pake.

Alhamisi baada ya Alasiri ua ulijaa wanawake, udi na asumini. Wimbo wa kwanza ulikwenda, wa pili pia. Katikati ya wa tatu, besi ikanyamaza. Twahira alipiga na hakusikia kitu. Akatazama waya: umeingia. Akatazama spika: taa inawaka. Bi Ruba akamwashiria Raiyan, na mkono wa kushoto wa Raiyan ukaishika besi ya kinanda bila kupoteza pigo. Wimbo haukukatika. Lakini safu ya wachezaji ikapotea hatua. Mabega yaliyokuwa yakienda pamoja yakaanza kwenda kila moja na lake.

Bi Barka, nyanya wa bibi harusi, alikuwa amekaa kitini mbele ya spika. Akainua bakora akaielekeza kwenye spika ya besi iliyonyamaza.

"Na ule mwengine?" alipaza sauti. "Mrudisheni ule mwengine!"

Ndipo Twahira akaona. Kwa kuwa gitaa limepinduliwa, kitufe cha sauti kilikuwa juu, mahali unapolala mkono, na mkono wake wenyewe ulikuwa umekizima. Akakizungusha. Besi ikarudi kwa kishindo, Bi Barka akapiga kigelegele, na Raiyan akaondoa mkono wake huku anacheka. Kabla ya wimbo wa nne Twahira alitoa plasta ya kidonda mkobani akakifunga kitufe kisisogee.

Walipokuwa wakikusanya vyombo, Bi Ruba alimpita, akasimama.

"Yumamosi tuna harusi Shela," alisema. "Uwahi."

Twahira alidhani angelala usingizi mzito siku ile. Hakulala. Maneno ya Bi Ruba yalimfurahisha, lakini mkono wake wa kulia ulikuwa umechubuka kwa vile vitufe, na hakutaka kupiga miaka ishirini mingine juu ya chombo kilichopinduka. Asubuhi, kabla ya kufungua duka, alimwandikia Kariuki: nyuzi za akiba zapatikana wapi, na je, amjua mtu mwenye besi ya mkono wa kulia?

Jibu lilikuja upesi. Mwezi ujao alikuwa anakwenda Nairobi, angeulizia. Ule wimbo wa Twahira, aliongeza, alikuwa akijaribu kuupiga tangu Jumanne, lakini kila mara anajikuta anauharakisha.

"Nitumie sauti nisikie," aliandika Twahira, akainua pazia la chuma la duka kwa mkono mmoja, simu i mkononi.