Makala ya Ukurasa wa Kumi na Moja

1.
Saa kumi na mbili na robo asubuhi, Jumatatu, mtangazaji wa redio ya mji alikuwa akisoma magazeti hewani. Alipofika ukurasa wa kumi na moja alisoma kichwa cha makala, "Maktaba Igeuzwe Ukumbi wa Harusi", akasoma na aya ya kwanza, akasema, "Dada Sekela leo kaamka vizuri," akahamia michezo.

2.
Aya ya kwanza, kama ilivyochapwa:

"Mji huu una kamati za harusi nyingi kuliko wasomaji, na kumbi hazitoshi. Wakati huohuo maktaba yetu imekaa katikati ya mji na paa zima, viti vya kutosha na choo kinachofanya kazi, na ndani yake hakuna hata mtu mmoja anayecheza. Napendekeza vitabu vitoke, maharusi waingie."

Aya ya saba, ambayo redio haikuifikia:

"Siku nikiyasema haya kwa uzito, ndugu zangu wanipeleke hospitali."

3.
(Stendi, kwenye meza ya magazeti.)

— Huyu mama ana akili. Mwanangu anaoa Desemba, ukumbi hatujapata.

— Umeisoma lakini?

— Kichwa si hicho hapo.

— Nunua, ufike chini.

— Wewe ulinunua lini?

— Jamani, wanaosoma kwa macho wasogee kidogo, tuwaone wanaosoma kwa hela.

4.
Sekela Mwambona alikuwa ameiandika safu hiyo kwa miaka tisa: habari za wiki, kitabu kimoja, vituko vya mtaani. Aliamini kwamba sentensi iliyoandikwa vizuri inajilinda yenyewe. Ushahidi wa imani hiyo haukuwa mwingi. Ijumaa uliisha.

5.
HALMASHAURI YA MJI
TANGAZO KWA UMMA

Kufuatia maoni ya wadau yaliyotolewa kupitia vyombo vya habari, jengo la Maktaba litabadilishwa matumizi na kuwa Ukumbi wa Sherehe. Vitabu vitahifadhiwa kwenye ghala la pembejeo hadi hapo itakapoelekezwa vinginevyo. Wananchi wanaombwa kutoa ushirikiano.

Wadau.

Sekela aliwahesabu. Alikuwa yeye.

6.
Alimpigia mhariri wake, Deusi.

"Chapa ufafanuzi."

"Nifafanue nini? Tulichapa ulichoandika."

"Ilikuwa kejeli, Deusi. Ulicheka ulipoihariri."

"Nilicheka, ndiyo. Sasa niwaandikie watu kwamba walitakiwa kucheka? Na matangazo tunapewa na halmashauri hiyohiyo, dada yangu. Unajua."

Ufafanuzi ulitoka Jumatatu iliyofuata, kati ya kiwanja kinachouzwa na dawa ya vidonda vya tumbo. Haukuwa na kichwa. Redio haikuusoma.

7.
Maktabani, Foibe Kyando alikuwa akipanga vitabu kwenye mifuko iliyowahi kubeba mbolea. Yeye ndiye mkutubi. Yeye na Sekela walilala kitanda cha juu na cha chini bwenini, kidato cha kwanza mpaka cha nne.

"Mwenzangu," alisema bila kuinuka, "nilikukosea nini?"

"Foibe, wewe unajua nilimaanisha nini."

"Najua. Niliisoma yote, mara mbili. Nilicheka peke yangu hapa." Alifunga mfuko kwa kamba. "Mimi nimehamishiwa ushuru wa soko. Hao wa kidato cha nne wanaokuja jioni, shule yao haina hata rafu moja. Mtihani ni Novemba. Wameniuliza waende wapi."

"Ukawaambiaje?"

"Nikawaambia wakuulize wewe, ndiye unayeandika."

Sekela alitaka kusema kwamba kama watu wangesoma mpaka

8.
Msomaji, umefika kipande cha nane. Ungekuwa diwani ungekuwa umeshaishia cha kwanza, na ungekuwa umeshapiga kura.

9.
Diwani wa kata yenye maktaba alimkaribisha Sekela ofisini kwa soda.

"Mheshimiwa, nilikuwa natania."

"Utani wako una ukweli ndani yake, dada. Usijishushe."

"Hapana. Hauna. Niliandika kinyume cha ninachoamini ili watu waone aibu."

"Basi wameona aibu. Ndiyo maana tunachukua hatua." Alimsukumia kadi yenye maua ya dhahabu pembeni. "Jumamosi tunazindua ukumbi, na wewe ni mgeni maalumu. Vaa kitenge."

10.
Alikwenda kwa sababu moja: kadi ilisema atapewa nafasi ya kuzungumza.

11.
Hotuba ya Sekela Mwambona, yote:

"Makala yangu ilikuwa ya kejeli. Sikutaka maktaba ifungwe. Naomba vitabu virudishwe leo, kabla panya hawajavimaliza. Vijana wetu wana mtihani."

Meza ya mbele ilicheka. Kicheko kikaenda nyuma meza kwa meza mpaka kwa wapishi.

"Mnamwona mwandishi wetu?" MC alisema. "Hata leo haachi utani wake. Makofi ya kilo!"

"Sitanii," Sekela alisema. Maikrofoni ilikuwa imeshachukuliwa.

Mlangoni, mfuko wa ushuru ukining'inia begani, Foibe hakucheka. Hakupiga makofi. Alikuwa akimtazama rafiki yake aone atafanya nini.

12.
Diwani alimkabidhi mkasi. Alipoona hausogei, aliweka mkono wake juu ya mkono wa Sekela, kama maharusi wanavyokata keki, na wapiga picha wakasogea.

Saa nane na nusu mchana utepe ulikatwa.